Kushika Si Kuponya



Tuseme yuko mzee mmoja, fundi seremala, mtu wa miaka 60. Kwa miezi kadhaa sasa vidole vyake hufa ganzi. Nyundo humponyoka mkononi, na akitembea gizani miguu yake haijui vema ardhi ilipo. Amekwenda hospitali kubwa, amepigwa picha ya shingo, naye daktari amemwonyesha mahali ambapo kisahani kilicho kati ya pingili mbili kimesukumwa nje na kuusonga uzi mkuu wa mishipa ya fahamu. Daktari ataka kukiondoa kisahani hicho, na mahali pake atie kikasha kidogo, kishikwe kwa kulabu mbili za chuma zilizopinda. Mzee akitazama kikasha kile katika kiganja cha daktari, chamwonekea kama kitu cha kuchezea watoto. Kisha auliza neno moja tu: "Bwana Daktari, chuma hiki kitaniponya?"

Swali ni fupi, walakini jibu lake si jepesi. Daktari akisema "Ndiyo," mzee atalala usiku huo kwa amani. Akisema "Hapana," huenda mzee akarudi nyumbani, na ganzi ikaendelea hata miguu isiweze kumchukua. Je, yafaa daktari aseme "Ndiyo" kwa ajili ya huruma? Hilo ndilo neno nitakalo tulifikiri pamoja.

Kwanza yatupasa kujua kazi ya chuma chenyewe. Uti wa mgongo si mfupa mmoja kama fimbo. Una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na chini yake mifupa iliyoungana. Kati ya pingili na pingili, isipokuwa zile mbili za juu kabisa, pana kisahani cha gegedu, kigumu pembeni, chenye ute mzito katikati. Hivyo ndivyo vituwezeshavyo kuinama na kugeuka, tena hupokea uzito wa mizigo yetu. Kisahani kikichakaa au kikipasuka, sehemu yake yaweza kutoka na kukandamiza mishipa ya fahamu. Habari hii haikufahamika vema hata mwaka 1934, madaktari Mixter na Barr wa Boston, Marekani, walipoieleza.

Tangu hapo watu wametafuta kitu cha kutia mahali pa kisahani kilichoharibika. Katika miaka ya 1950 madaktari Smith na Robinson wa Baltimore, na Cloward wa Honolulu, walionyesha njia ya kupita mbele ya shingo, kukiondoa kisahani, na kutia kipande cha mfupa, ili pingili mbili ziungane na kuwa mfupa mmoja. Huko Uswidi daktari Fernström alitia mipira ya chuma, akitumaini kwamba mwendo wa kiungo utabaki. Lakini mingi ilizama katika pingili kama jiwe lizamavyo katika tope. Baadaye Bagby wa Marekani aliunda kikapu cha chuma chenye matundu kwa ajili ya farasi wenye ugonjwa wa shingo, na mfupa ukaota ukapita katika matundu yale. Kwa wazo hilo vikaundwa vikasha vya wanadamu, na serikali ya Marekani ikaviruhusu mwaka 1996.

Tazameni tofauti iliyopo kati ya mpira na kikapu. Mpira ulitaka kuwa kisahani, haukuweza. Kikapu kiliukubali udogo wake, kikaupa mfupa nafasi ya kuota.

Lakini kikasha kisiposhikwa chaweza kuteleza. Kwa sababu hiyo madaktari wengi hufunga bamba la chuma mbele ya pingili kwa skrubu. Bamba hushika vema, ila limekaa karibu na umio, na wagonjwa wengine hupata taabu ya kumeza. Tena skrubu iliyonyoka yataka njia iliyonyoka. Yampasa daktari aiingize kwa mshazari, na shingoni nafasi ni ndogo. Ndipo waundaji wa vyombo, huko Ufaransa na kwingineko, walipofanya kulabu bapa zilizopinda kama mundu. Daktari huzigonga kutoka mbele, zikapita katika kikasha chenyewe. Moja hupanda na kuingia katika pingili ya juu, ya pili hushuka katika pingili ya chini. Kila mtu aliyepita porini anajua faida ya kupinda. Mwiba ulionyoka hutoka kwa njia ile ile ulioingilia. Bali mwiba uliopinda, ukiuvuta, wazidi kushika.

Basi kulabu zimeshika. Je, mzee amepona? Bado. Ndani ya kikasha mna uwazi uliojazwa chembe za mfupa. Yapasa mfupa wa pingili ya juu na mfupa wa pingili ya chini ukutane humo na kuungana, na kazi hiyo huchukua miezi mingi, pengine mwaka au zaidi. Usipoungana, kila mara mzee ageuzapo kichwa chuma chajaribiwa. Nacho hakina uhai; kikipata ufa hakiwezi kujiunga chenyewe kama mfupa uwezavyo. Mwisho wake kitalegea au kitavunjika. Ndiyo maana madaktari husema kwamba hapa pana mashindano: ama mfupa uungane kwanza, ama chuma kichoke kwanza.

Kwa hiyo zipo kazi tatu, na yatupasa kuzitenga. Kuondoa kinachosonga ni kazi ya mkono wa daktari. Kushika ni kazi ya kulabu. Kuunga ni kazi ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Tena hata hizo tatu zikifanyika vema, nguvu iliyokwisha kupotea vidoleni huenda isirudi yote. Mara nyingi faida iliyo kubwa ni kwamba ugonjwa hauendelei mbele.

Sasa turudi kwenye lile "Ndiyo." Mzee akiamini kwamba chuma ndicho kimponyacho, ataona hana kazi iliyobaki. Juma la pili atainua boriti. Ataendelea kuvuta tumbako, nayo yajulikana kuwa huchelewesha kuungana kwa mfupa. Maumivu yakipungua hatarudi kupimwa. Hivyo neno lililosemwa kwa huruma litakuwa limeharibu kazi iliyofanywa kwa ustadi. Ukweli hapa si adabu tu; ni sehemu ya dawa.

Tena kushika kuna gharama yake. Pingili mbili zilizoungana haziinami tena, na mwendo uliokuwa wao hudaiwa kwa jirani zao, wa juu na wa chini. Mwaka 1999 Hilibrand na wenzake wa Marekani walitoa habari za wagonjwa 374 walioungwa pingili za shingo. Kila mwaka karibu wagonjwa 3 katika 100 walipata maradhi mapya penye pingili za jirani, na kwa hesabu yao yapata robo wangeyapata katika miaka 10. Ni kweli madaktari hawajapatana ni kiasi gani chatokana na kuungwa, na kiasi gani ni uzee wenyewe ambao ungalikuja vivyo hivyo. Walakini mzee anayo haki ya kujua kwamba huenda raha ya leo ikadai kitu kesho.

Kwa kuwa gharama ipo, si haki kushika kisichohitaji kushikwa. Mwaka 1994 iliandikwa habari ya watu 98 wa Marekani wasiokuwa na maumivu ya mgongo, ambao migongo yao ilipigwa picha. Watu 52 katika kila 100 walikuwa na kisahani kimoja au zaidi kilichovimba nje ya mpaka wake. 36 tu katika kila 100 ndio waliokuwa na visahani vyote visivyo na kasoro. Basi picha peke yake haitoshi kumpeleka mtu kwenye kisu. Wengi waumwao mgongo, au maumivu yashukayo mguuni, hupata nafuu katika majuma au miezi bila kupasuliwa, na kwao subira ni hekima. Lakini mzee wetu si wa namna hiyo. Mikono yake yapoteza nguvu na mwendo wake umeharibika. Kwake kungoja si subira, ni kupotezewa.

Mtu ataniambia: "Mgonjwa si mwanafunzi. Ana hofu, naye ataka mkono wa kushika, hataki hesabu. Ukimwambia hayo yote utamkimbiza." Neno hili lina uzito, wala silidharau. Yuko daktari amwagaye kweli juu ya mgonjwa kama mtu amwagaye kapu la mawe, kisha aenda zake, akijiona ametimiza wajibu. Huyo naye amekosa. Lakini dawa ya kweli iliyosemwa vibaya si uongo. Ni kweli iliyosemwa vema. Na kuisema vema ni kumpa mgonjwa kile atakachokitumia, kwa maneno ya kazi aijuayo, na kukaa naye hata aelewe.

Nami naona daktari angaliweza kumjibu hivi: "Mzee, chuma hiki hakitakuponya. Mimi nitaondoa kitu kinachokusonga. Chuma kitashika tu, ili pingili zako zisicheze. Mfupa wako ndio utakaounga, nao utataka miezi mingi, na mapumziko, na kuacha tumbako. Vidole huenda visirudi kama zamani, lakini nataraji tutauzuia ugonjwa usiendelee. Tusipofanya, nauhofia mwendo wako."

Mzee ataangalia tena kile kikasha. Kisha, kwa kuwa ni seremala, atasema: "Kumbe ni jiliwa. Mbao mbili hupakwa gundi, zikabanwa kwa jiliwa hata gundi ikauke. Mwenye kuzitikisa kabla ya wakati huziharibu." Hapo mzee ameelewa kuliko vile ambavyo "Ndiyo" ingalimwelewesha, na miezi ile ya kungoja sasa ni kazi yake mwenyewe, kazi aijuayo tangu ujana.

Wengi wetu tusomao gazeti hili si madaktari. Lakini twakaa kando ya vitanda vya wagonjwa, nao hutuuliza swali lile lile, mara nyingi usiku, baada ya daktari kwenda zake. Nasi "Ndiyo" hutujia upesi mdomoni, maana yatupumzisha sisi kabla ya kumpumzisha mgonjwa. Afadhali tumshike mkono, tukijua ya kuwa tunashika tu, nasi tumwambie lililo kweli: lipi limefanyika, lipi limebaki, na sehemu ipi katika hilo lililobaki ni yake.