Mamlaka na Kikomo Chake

Warumi wa kale, baada ya kumfukuza mfalme wao wa mwisho, Tarquinius, waliitakidi kwamba dhuluma haizaliwi na ubaya wa mtawala peke yake, bali pia na wingi wa siku zake. Kwa hiyo makonsuli wao wawili walitawala mwaka mmoja tu, na hata dikteta, aliyekabidhiwa amri yote wakati wa hatari, alipaswa kuirejesha kabla ya miezi sita kupita. Waasisi wa Marekani, ambao wengi wao walilelewa kwa vitabu vya Kilatini, waliirithi Seneti na kanuni ya kuyagawa mamlaka, lakini suala la rais kuchaguliwa mara ngapi wakaliachia ada: Washington aliondoka kwa hiari mwaka 1797 baada ya mihula miwili, na desturi hiyo haikuandikwa katika katiba ila mwaka 1951, baada ya Roosevelt kuchaguliwa mara nne.

Kwetu Tanzania sheria ilitangulia ada. Mwaka 1963, mwaka ule ule ambao utemi ulifutwa Tanganyika na machifu wa Ubena, huku Njombe, wakavuliwa amri zao, Mwalimu Nyerere, naye akiwa Rais mwenye madaraka makubwa, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari wa Roma, aliyeuawa baada ya kufanywa dikteta wa maisha. Si kila mtawala angejichagulia kitabu hicho. Mabadiliko ya katiba ya 1984 yakaweka mihula miwili ya miaka mitano, na mwaka uliofuata Mwalimu akang'atuka.

Lakini muhula ni kinga hafifu ikiwa kiongozi haulizwi neno mpaka siku ya kuondoka. Chukua kijiji: kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote, ndio wenye kauli ya mwisho, na halmashauri ya kijiji ni wakili wake tu. Lakini huko Lupembe, mkoani Njombe, ambako mwenyekiti aweza kuwa baba yako mdogo, kumdai mapato na matumizi huonekana utovu wa adabu. Makambako, mji wa njia panda uliojaa wageni, haya hiyo ni ndogo, ila kuwapata watu wakaacha biashara zao wakaja mkutanoni ni kazi nyingine. Jamhuri, kwa rai yangu, hufia hapo kabla haijafia Ikulu.

Basi wewe uliye Njombe, mkutano ukitangazwa, hudhuria. Na hesabu zisiposomwa, simama uziulize, hata kama mwenyekiti ni baba yako mdogo.