Bahari Nayo Ina Fungu Lake

Bwawa la Julius Nyerere limekwisha jengwa. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 2019, maji yakaanza kukingwa Desemba 2022, na mitambo yake tisa mtoni Rufiji ina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Kubishana leo kama lingejengwa au lisingejengwa ni kupoteza wakati. Mjadala uliobaki, tena ndio unaotuhusu sisi wa Kilwa, ni wa maji yanayofunguliwa pale: yafunguliwe lini, kiasi gani, na nani aulizwe kwanza.

Rufiji haiishii Rufiji. Tangu mwaka 2004 delta yake, Mafia na Kilwa zimeandikishwa pamoja chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu moja. Wavuvi walilijua hilo zamani. Kamba hutaga baharini, lakini vitoto vyake hulelewa mikokoni, pale maji ya mto yanapochanganyika na ya chumvi. Humo mikokoni mna mkandaa na msinzi, mna mchu, na mna mlilana uliokuwa ukitoa mataruma ya majahazi. Misitu hiyo hushikilia tope linaloletwa na mto, na tope likikwama bwawani, pwani huanza kuliwa na mawimbi.

Wazee wa bondeni hawakuyaita mafuriko yote msiba. Maji yakijaa walihamia kwenye madungu. Yakipwa walishuka na mbegu za mahindi, wakazipanda kwenye tope lenye unyevu. Hicho ndicho kilimo cha mlau, kinachokua bila kungoja mvua. Mara ngapi kimeokoa nyumba ambayo shamba lake la masika liliharibika! Mto ukifungwa usifurike tena, mwenye nyumba hiyo amenyang'anywa ghala.

Lakini nisimpunje anayelitetea bwawa. Mwishoni mwa 2023 tuliuona mgao wa umeme ulivyotesa nchi. Mvuvi asiye na barafu huuza samaki wake kwa bei ya mnunuzi, au huwatupa. Wala si mafuriko yote hutoka bwawani: Mei 2024 barabara ya kwenda Dar es Salaam ilipokatika Somanga, ilikuwa mvua ya kimbunga Hidaya iliyojaza mito yetu wenyewe. Mzee mwenye busara hatafuti mchawi mmoja wa kila msiba.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliye juu ya mto ana shibe ya maji. Tena lango la bwawa lenyewe lina wa juu yake. Ruaha Mkuu, unaoumwagia Rufiji maji, tangu miaka ya 1990 hukauka kiangazi huko mbugani Ruaha, kwa sababu maji yake huishia mashambani Usangu. Kwa hiyo wenye mitambo nao ni watu wa chini. Wakimwomba mkulima wa mpunga awaachie maji, wanaomba kile kile anachokiomba mvuvi wa Kilwa kwao. Hapo ndipo naona haki ya jambo hili ilipo. Hata Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, baada ya maji ya matumizi ya lazima ya binadamu, inalitengea mazingira fungu lake kabla ya matumizi mengine.

Basi fungu hilo litolewe kweli. Masika inapofika, yafunguliwe maji ya kutosha kuufikisha mto mashambani mwa mlau na mikokoni, kwa kipimo kisichobomoa nyumba, na watu waarifiwe mapema kwa mbiu, redio na misikitini. Ratiba ibandikwe Utete na Mohoro. Na kikao cha kuipanga kisianze kabla hajafika mkulima wa mlau, wala mvuvi wa kamba kutoka Somanga.