Safi kwa Ajili ya Nini?

Cheti kinachofuatana na sahani ya bati safi ni karatasi fupi. Juu pameandikwa asilimia 99.999. Chini yake imepangwa orodha ya wasiotakiwa: chuma, risasi, shaba, antimoni, aseniki, kila kimoja na kiasi chake kwa kila sehemu milioni. Anayeisoma namba ya juu na kuishia hapo hudhani amekabidhiwa kitu kisicho na doa. Akichukua kalamu ataona mengine. Katika gramu moja ya bati hilo mna atomi za kigeni zinazokaribia 5 ikifuatwa na sifuri 16. Umati wote huo umo ndani, na bado tunasema bati ni safi, wala hatusemi uongo.

Bati ninalolizungumzia ni madini yale yanayochimbwa Kyerwa mkoani Kagera, si mabati ya paa, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki. Likishayeyushwa na kusafishwa hutengenezwa sahani, sahani ikabandikwa kwenye bamba la shaba, kisha ikafungwa ndani ya chumba kilichonyonywa hewa. Humo huingizwa gesi ya agoni kidogo na umeme wa mamia ya volti. Gesi inaanza kung'aa. Atomi za agoni zilizopokonywa elektroni huvutwa kwa nguvu na sahani, zinaigonga, na mapigo hayo yanang'oa atomi za bati ambazo hurukia kioo kilicho mbele yake. Kwa kuwa kazi yake ni kupigwa, sahani hiyo huitwa shabaha. Maji hupita nyuma ya bamba la shaba kuipoza, maana bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu za Selsiasi, na shabaha iliyoyeyuka haina kazi tena.

Utando unaotua juu ya kioo unaweza kuwa na unene wa nanomita 100. Pangilia tando 10,000 za namna hiyo ndipo upate milimita moja. Kitu chembamba kiasi hicho hakina mahali pa kuficha kasoro, na ndiyo sababu mnunuzi anadai zile tisa tano.

Lakini fuata bati hilo mpaka mwisho wa safari yake. Kioo cha simu unayoigusa kila siku kwa kawaida kina utando unaopitisha mwanga na umeme kwa pamoja, sifa mbili ambazo ni nadra kukutana katika kitu kimoja. Utando huo ni wa oksaidi ya indiamu iliyochanganywa na oksaidi ya bati, mara nyingi kwa uwiano wa tisini kwa kumi. Oksaidi ya indiamu ikiwa peke yake haipitishi umeme vizuri kiasi hicho. Atomi ya bati inapokalia kiti cha atomi ya indiamu, inakuja na elektroni moja ya ziada, na elektroni hiyo isiyo na pa kukaa ndiyo inayobeba umeme. Kwa maneno mengine, bati limesafishwa kwa gharama kubwa ili likawe mgeni katika nyumba ya mwenzake. Kazi ile ile ambayo risasi na chuma vilifukuzwa visiifanye ndani ya bati, bati linaajiriwa kuifanya ndani ya indiamu.

Hapo ndipo neno safi linapoanza kunitatiza. Tumezoea kulidhania kuwa ni kilele, kwamba kitu kikishafika hapo kimemaliza safari. Bati halikubaliani na mazoea hayo. Historia yake karibu yote ni ya kuchanganywa: na shaba likawa shaba nyeusi, iliyozipa jina zama nzima za mwanadamu, na risasi likawa lehemu ya mafundi. Jahazi lililozama Uluburun, pwani ya Uturuki, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, lilikuwa na shaba tani kama 10 na bati tani kama moja, uwiano ambao mfua shaba angeuelewa mara moja. Hakuna aliyelisafirisha bati baharini ili alitazame likiwa peke yake.

Tena likiachwa peke yake lina udhaifu. Chini ya nyuzi 13 za Selsiasi, bati jeupe linaweza kugeuka taratibu kuwa bati la kijivu, likavimba na kumeng'enyuka kuwa unga. Kinachojulikana ni kwamba bati safi sana ndilo lililo hatarini zaidi, ilhali chembe kidogo za antimoni au bismathi hulizuia lisioze hivyo. Yule yule aliyeandikwa kwenye cheti kama mchafuzi, kwenye baridi ni mlinzi.

Kwa hiyo usafi si hali ya kitu chenyewe. Ni jibu la swali ambalo mtu fulani ameuliza kwa sababu ya kazi fulani. Mwenye kiwanda cha vioo ameuliza kuhusu chuma na risasi, akajibiwa. Hakuuliza kuhusu isotopu, na bati lina isotopu thabiti kumi, nyingi kuliko elementi nyingine yoyote. Kwa anayezitenganisha isotopu, sahani ile ya tisa tano ni mchanganyiko mtupu. Wote wawili wana haki.

Na yapo maswali ambayo cheti hakina safu yake. Bisie, katika msitu wa Walikale, Kivu Kaskazini, watu walichimba mawe ya bati kwa mikono, wakayabeba magunia kwa miguu msituni, huku wenye bunduki wakidai fungu lao njiani. Jiwe hilo likishaingia tanuri na kuwa bati, hakuna maabara ya kawaida itakayotofautisha atomi ya Kivu na ya Bolivia. Kadiri bati linavyosafishwa ndivyo linavyosahau lilikotoka. Ndiyo maana, baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuwataka wanunuzi waeleze asili ya madini kama haya, ilibidi magunia yafungwe lebo zenye namba huko huko machimboni, kabla ya moto. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vya kwetu vingi vimeundwa na mikono ambayo tanuri limeifuta. Lebo nayo inaweza kughushiwa, lakini angalau kuna aliyekubali kwamba swali lipo.

Wanadamu nao hupenda kujipatia vyeti. Tunasikia habari za ukoo safi, damu safi, lugha safi, chama kilichojisafisha. Sisemi kwamba kusafisha ni upuuzi. Bila kulisafisha bati, utando ule usingefanya kazi, na jamii isiyokataa chochote haina inachokilinda. Ninachodai ni orodha. Mtaalamu wa bati anaweza kukutajia kila alichokiondoa, kiasi kilichobaki, na kazi itakayoharibika kikiachwa kizidi. Anajua pia kwamba kesho bati lake litachanganywa, na kwamba alilisafisha ili mchanganyiko huo awe ameuchagua mwenyewe, usiwe umemwangukia.

Anayehubiri usafi wa watu aulizwe maswali hayo hayo matatu: umeondoa nini, kimebaki kiasi gani, kwa ajili ya kazi ipi? Mara nyingi la tatu humshinda, kwa sababu tangu mwanzo hakuwa na kazi yoyote mkononi, alikuwa na watu wa kuwafukuza tu.