Ukiitwa kufundisha ng'ambo, ujibu baada ya siku ngapi?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Leo tunazungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini ndani yake mna haki za watu. Tuseme wewe ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari hapa kwetu, Kindu ao Bukavu. Mshahara wa serikali unachelewa, ao jina lako halijaingia bado katika orodha ya wanaolipwa, na unaishi kwa kidogo kinachotoka kwa wazazi wa wanafunzi. Siku moja unapata barua: shule ya binafsi ya Doha, huko Qatar, inakuita kufundisha kuanzia mwezi wa nane. Wanangoja jibu. Je, uchukue siku ngapi?

Wako wanaojibu saa ile ile, wakiogopa nafasi itapotea. Wako wanaonyamaza mwezi mzima na kusema: Mungu ataonyesha. Wote wawili wanajiita wenye kumtegemea Mungu. Tuwapime kwa kisa cha Nabii Musa (a.s.), kilichomo katika Sura al-Qasas.

Musa alifika Madyan akiwa mkimbizi kutoka Misri. Hakuwa na nyumba wala kazi. Mzee wa pale, ambaye binti yake mmoja alimsifu Musa kwa nguvu na uaminifu, alimwita na kumpa masharti wazi: kazi ni miaka minane, ukitimiza kumi, ni hiari yako, utaoa mmoja wa binti zangu, sitaki kukutesa. Musa alikubali katika mazungumzo yale yale, na akamfanya Mungu kuwa shahidi.

Angalia vizuri, ndugu yangu. Musa alikuwa mhitaji kuliko wengi wetu, na alijibu upesi. Lakini alijibu upesi kwa sababu muda ulitajwa, malipo yalitajwa, na mwajiri alikuwa mbele ya macho yake. Basi muda wa kufikiri haupimwi kwa hofu wala kwa tamaa. Unapimwa kwa maswali yaliyobaki. Swali likibaki, una haki ya kungoja. Maswali yakiisha, kungoja kwako ni kumfunga mwenzako.

Maswali yenyewe ni gani? Mkataba ni wa miaka mingapi? Mshahara unabaki kiasi gani ukiisha kulipa nyumba, na nyumba inalipwa na nani? Tiketi ya kurudi iko? Mke na watoto watapewa ruhusa ya kukaa? Katika sheria ya kazi ya Qatar ya mwaka 2004, muda wa majaribio hauwezi kupita miezi sita, na mfanyakazi aliyetimiza mwaka anastahili, akiondoka, si chini ya mshahara wa msingi wa juma tatu kwa kila mwaka. Sheria ile inamkataza pia wakala kumtoza mfanyakazi pesa za kumtafutia kazi. Na sheria ya 2015 inamtaka mwajiri akurudishie pasipoti karatasi za ukaazi zikiisha, isipokuwa wewe mwenyewe umeomba kwa maandishi akutunzie. Kwa hiyo soma kila karatasi kabla ya kutia sahihi. Na mtu akikuambia utume dola leo jioni ao nafasi inakwenda, haraka yake hiyo ni jibu tosha. Mwache.

Utasema: mwenye njaa hana nguvu ya kuuliza. Ni kweli njaa inasukuma. Lakini shule ya kweli haimfukuzi mwalimu kwa sababu ameuliza juu ya nyumba yake. Inayokasirika leo kwa swali, kesho ukiwa mbali itafanya nini?

Kisha kuna shura. Keti na mke wako kwanza, maana yeye ndiye atakayebeba nyumba usipokuwepo. Keti na wazazi, na baba mkubwa, na mtu aliyewahi kufanya kazi kule. Kisha swali istikhara, rakaa mbili na dua aliyoifundisha Mtume wetu (s.a.w.). Wengi wanadhani lazima waote ndoto, wanalala na kuamka juma baada ya juma wakingoja alama. Mafundisho hayakuweka sharti la ndoto. Istikhara ni kumkabidhi Mungu jambo, kisha unakwenda mbele. Ikiwa ni kheri litafunguka, na ikiwa si kheri utaepushwa nalo.

Yote haya yanaweza kumalizika katika juma moja. Wakikupa siku tatu nawe unahitaji saba, omba siku ya kwanza, si ya tatu usiku. Sema: nitajibu tarehe fulani. Tarehe ile ikifika, jibu, hata kama jibu ni hapana. Kunyamaza si subira. Shule ile inangoja, na mwalimu mwingine, labda maskini kuliko wewe, anangojea nafasi uliyoikalia.

Na usiseme ndiyo mahali pawili ili uchague baadaye. Sura al-Maida inaanza kwa kuwaamuru waumini watimize mikataba yao, na haikutofautisha mkataba wa Muislamu na wa mwingine, wala wa karibu na wa mbali. Ukiisha kusema ndiyo, barua bora ikija kesho yake, imekuja imechelewa. Uchungu huo ndio bei ya neno lako.

Usisahau pia watoto ulio nao leo. Prefe asisikie habari zako sokoni. Umwambie wewe, mapema, apate kutafuta mwingine. Wale wa darasa la sita wana mtihani wa serikali mbele yao. Ukiwaacha katikati ya mwaka bila mwalimu, wamelipa wao gharama ya safari yako. Mwalimu aliyeondoka vizuri hapa, kule pia atafika na jina zuri.

Mungu awape walimu wetu riziki ya halali, hapa na ng'ambo, na atujalie kuwa watu wa neno moja. Amina.

Wabillahi tawfiq.