Ajali na Dhima

Neno ajali lina maana mbili katika Kiswahili. Asili yake ni Kiarabu, na huko ni muda uliowekwa, yaani kikomo cha uhai ambacho mtu hawezi kukisogeza mbele wala nyuma. Maana yake ya pili ni msiba wa ghafula: mtu kuanguka mtini, chombo kuzama, motokaa kumgonga mwenda kwa miguu. Maana ya kwanza yamhusu Mungu. Ya pili aghalabu yawahusu watu. Lakini kwa kuwa zote mbili zatumia jina moja, ya pili hujificha nyuma ya ya kwanza. Mtoto akiuawa njiani watu husema kwamba ajali haina kinga. Humzika, hukaa matanga, kisha hurudi katika njia ile ile iliyomwua, nayo ikiwa vile vile kama ilivyokuwa. Ndipo linapozuka swali: je, mauti ya njiani ni amri isiyo na mkono wa mtu, au ni deni ambalo mji wadaiwa na haulipi?

Wanaoyanasibisha mauti hayo na majaliwa wana hoja isiyostahili dharau. Hapana aijuaye saa yake. Hapana dereva atokaye nyumbani asubuhi kwa nia ya kuua mpanda baiskeli. Tena mfiwa ana haki ya kufarijiwa, wala si wema kumsomea hesabu za barabara mtu aliyeinamia kaburi la mwanawe. Hayo yote ni kweli. Lakini faraja ya mfiwa si udhuru wa mjenzi. Hata mtu anayeamini kwa moyo wake wote kwamba kila nafsi ina siku yake hukifunika kisima kilicho uani mwake kwa ajili ya watoto. Akikiacha wazi na mtoto akatumbukia, majirani hawatamwuliza juu ya majaliwa. Watamwuliza kifuniko kilikuwa wapi.

Barabara ni kisima cha namna hiyo, na hatari yake yapimika. Kinachoua njiani ni uzito na mwendo. Nguvu ya kitu kinachokwenda huongezeka kupita mwendo wenyewe: gari liendalo kilomita 50 kwa saa hugonga kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya ile ya gari hilo hilo likienda kilomita 30. Katika sekunde moja, kabla dereva hajaufikisha mguu wake kwenye breki, gari la kilomita 50 huwa limekwisha kwenda karibu mita 14. La kilomita 30 huwa limekwenda mita 8 na ushei. Katika mita hizo chache zinazobaki ndimo anamopona bibi kizee mwenye mwendo wa taratibu, au mtoto aliyeufuata mpira wake. Basi yule anayekata shauri juu ya upana wa njia na kiasi cha mwendo hukata shauri juu ya watakaozikwa, ingawa hayajui majina yao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani, na zaidi ya nusu yao walikuwa wenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki.

Ushahidi kwamba mji waweza kulipa deni hilo unapatikana Pontevedra, mji mdogo wenye watu wapatao 80,000 katika Galicia, kaskazini magharibi ya Hispania. Zamani kitovu chake kilijaa magari, na mengi yalikuwa yakizunguka kutafuta mahali pa kusimama tu. Mwaka 1999 Miguel Anxo Fernández Lores, tabibu kwa kazi yake, alichaguliwa kuwa meya. Baraza lake liliufunga mji mkongwe kwa magari ya wapitaji. Katika mitaa mingine ya katikati njia za miguu zilipanuliwa, maegesho ya kandokando yakaondolewa, na mwendo ukapunguzwa hata baiskeli na motokaa zikaweza kufuatana bila ya mmoja kumtisha mwenziwe. Aliyeleta bidhaa aliruhusiwa kuingia, na mlemavu hakuzuiliwa. Katika njia za mji huo watu 30 walikufa kwa magari tangu mwaka 1996 mpaka 2006. Katika miaka kumi iliyofuata walikufa watatu. Watu wa Pontevedra hawakugeuka malaika, wala madereva wao hawakuzaliwa upya. Kilichobadilika ni njia.

Yapo malalamiko, nayo yastahili jibu. Mwenye duka hulalama kwamba gari likifukuzwa mnunuzi naye hufukuzwa. Lakini anayenunua ni mtu, na mtu huingia dukani kwa miguu yake. Mwenye motokaa hulalama kwamba uhuru wake umepunguzwa. Ni kweli umepunguzwa. Lakini uhuru wa nani ulikuwa umepunguzwa kabla yake? Mama aliyemkataza mwanawe kwenda shule peke yake, mzee aliyeacha kwenda sokoni kwa kuogopa kuvuka, kijana aliyeiuza baiskeli yake kwa hofu: hao walikwisha kunyang'anywa uhuru, ila walinyang'anywa kimya kimya na hapana aliyeandika hasara yao.

Lalamiko la tatu ni zito zaidi. Husemwa kwamba mwenda kwa miguu naye ana makosa: huvuka pasipo mahali pake, hatazami, hasikii. Makosa hayo yapo, na kufundishana adabu ya njia ni jambo jema. Lakini adhabu ya haki hulingana na kosa. Kusahau kutazama upande mmoja ni kosa la nusu dakika. Hapana kadhi wala hakimu awezaye kulihukumia kifo. Barabara ya mbio hulihukumia kila siku. Tena mwenye nguvu ya kuua ndiye apasiwaye kuwa na hadhari kubwa, maana mwenda kwa miguu akikosea huhatarisha zaidi nafsi yake, na dereva akikosea huhatarisha zaidi nafsi ya mwingine. Mwaka 1997 Bunge la Uswidi lilikubali kanuni kwamba dhima ya usalama ni ya wanaozijenga njia pamoja na wanaozitumia. Wanadamu watakosea daima. Basi njia na zijengwe ili kosa lisidai roho.

Kanuni kama hiyo haiji bila ya sauti za watu. Uholanzi, ambayo leo husifiwa kwa baiskeli, haikuzaliwa hivyo. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa katika barabara zake, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Mwaka uliofuata mwandishi mmoja wa gazeti, ambaye binti yake aliuawa na gari alipokuwa akienda shule, alitaka mauaji ya watoto yakomeshwe. Wazazi wengi waliungana naye, wakakaa njiani mpaka serikali zikawasikia. Jambo la kwanza walilolikataa ni jina: hawakukubali tena kuita bahati mbaya kitu kilichokuwa kikijirudia mahali pale pale, kwa sababu ile ile, kila mwaka.

Hapo ndipo neno ajali linapodai heshima yake. Lina haki ya kutumika pale ambapo uwezo wa mtu umefika mwisho. Lakini njia panda inayojulikana na kila mtu kuwa huua, na ambayo kivuko, tuta au mti mmoja wa kuzuia mbio ungeiponya, haijafika kwenye mwisho huo. Anayeiita ajali na hali uwezo wa kuitengeneza anao, humbebesha Mungu mzigo ulio wake mwenyewe.