Kupenda Nchi Isiyokuwapo

Kijana wa Emali, katika nchi kavu ipitiwayo na reli ya Mombasa na Nairobi, aweza kuipenda hadithi ya maajabu hata akaisahau ndoo yake kisimani. Je, kupenda nchi isiyokuwapo ni upuuzi?

Tazama Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951. Nchi hiyo huelea angani. Wajumbe wake sita walisafiri mbali, wakarudi na mema kwa watu wao, wakatiwa gerezani.

Msomaji naye ni mjumbe. Kwenda si kosa. Kosa ni kurudi mikono mitupu. Apendaye haki kitabuni, akanyamaza jirani yake akidhulumiwa, hakukipenda kitabu; alipenda usingizi. Soma, kisha inuka: ndoo yakungoja.