Mtoto Akitaka Kuacha Timu Kabla Mashindano Hayajaisha

Swali hili tumelisikia kwa wazazi zaidi ya mmoja. Mtoto wa miaka 11 au 12 ameingia kwenye timu, amepewa jezi, mashindano yamefika katikati, halafu asubuhi moja anasema, "Mama, mimi siendi tena." Baba anajibu kwamba ahadi ni deni, lazima aende. Mama anasema mwacheni, ni mchezo tu. Nani ana haki?

Kwanza tuondoe yasiyo na mjadala. Kama kocha anampiga, kama anatukanwa kwa kabila lake, anashikwashikwa, au ameumia goti, atoke siku hiyo hiyo, na mzazi aende kuuliza. Sisi tunamzungumzia yule aliyechoka, au aliyewekwa benchi mechi tatu mfululizo.

Baba anasema deni. Sawa, lakini dukani hakuna anayemkopesha mtoto wa miaka 11 bila kumjua mzazi wake. Mtoto aliahidi jambo ambalo hakulijua vizuri. Tena Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unahesabu mchezo kuwa haki yake. Haki ya kulazimishwa kwa fimbo ni haki gani?

Mama naye anawasahau wale kumi waliobaki uwanjani. Sisi tuliokulia Bujumbura tunajua uzito wake. Wakati wa vita, mitaa ya kaskazini kama Kamenge na Ngagara iligawanyika kwa kabila. Kituo cha vijana cha Kamenge, kilichopewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002, kiliwakutanisha vijana wa pande zote, na michezo ilikuwa njia mojawapo. Katika timu ya namna hiyo mtoto akitoweka bila neno, wenzake hawasemi amechoka. Wanajiuliza nyumbani kwao ameambiwa nini juu yetu.

Ila kuna kuacha na kuna kuachia. Mwaka 1996 Burundi ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Atlanta. Vénuste Niyongabo alikuwa mkimbiaji wa mita 1,500, na mwaka uliotangulia alikuwa amepata medali ya shaba ya dunia katika mbio hizo hizo. Nafasi yake akamwachia mwenzake, Dieudonné Kwizera, aliyekosa Olimpiki za 1988 na 1992 kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Niyongabo akaingia mita 5,000, mbio ambazo alikuwa hajazizoea, akaleta dhahabu. Dhahabu tuiweke pembeni. Hata angeshika mkia, alichofanya kingebaki kizuri, maana alitoka mahali ambapo mwingine alikuwa anaingia.

Watoto wetu wameshaacha vitu vingi, shule, marafiki, timu pia, na mara nyingi waliondoka usiku bila kumuaga mtu. Hakuna aliyewauliza. Ndiyo maana sisi hatumlazimishi mtoto abaki, lakini hatukubali apotee tu kama tulivyopotea sisi. Aende mwenyewe kwa kocha na kwa kapteni, aseme kwa mdomo wake kwamba anatoka. Kama ni kipa na hakuna mwingine, Jumamosi adake, na katikati ya wiki amwoneshe atakayempokea.

Kuna baba atasema kwamba kwa njia hii mtoto atazoea kuacha kila anachoanza. Hatudhani. Kusimama mbele ya kapteni wa miaka 13 mwenye hasira si jambo jepesi, na wengine wakifika pale hubadili mawazo wenyewe.

Mzazi amsindikize hadi uwanjani, lakini asimsemee. Na jezi irudishwe imefuliwa. Kama imechanika, ishonwe kwanza.